Mpangaji Katika Mnara Usiokwisha

Dominika ya 23 ya Mwaka C
(Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33)



Wapendwa wasikilizaji, nanyi makatekista mnaowakusanya waamini katika vigango ambako padre hafiki leo, Injili ya Dominika hii inatuweka mbele ya mtu aliyetaka kujenga mnara. Bwana wetu anatuonyesha kwamba mwenye busara huketi kwanza na kuhesabu gharama, apate kujua kama fedha yake itafika mwisho wa kazi. Asiyefanya hivyo huweka msingi, fedha humwishia, na wapita njia humcheka. Yesu alitoa mfano huo ili kutufundisha gharama ya kuwa mfuasi wake, na juu ya gharama hiyo tumekwisha kuhubiri mara nyingi, na panapo majaliwa tutahubiri tena. Leo tungependa kusimama kidogo penye mnara wenyewe, penye mawe na chokaa, kwa sababu katika miji yetu minara ya namna hiyo ni mingi, na ina jambo moja ambalo mnara wa Injili haukuwa nalo. Mnara wa Injili haukuwa na mpangaji.

Tulitazame jambo hilo vizuri. Yule mjenzi wa Injili alipoishiwa, hasara ilikuwa yake na aibu ilikuwa yake. Hakuna mwingine aliyelala ndani ya kuta zake. Siku hizi mambo huenda kwa njia nyingine. Mtu huchimba msingi, hupandisha kuta, na nyumba ikifika kwenye linta mfuko umekauka. Badala ya kungoja kuchekwa, humwita dalali. Dalali naye huleta watu wenye shida ya makazi, nao hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, wakiahidiwa kwamba madirisha, maji na choo vitakamilika baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo, wapendwa, huwa ndefu kuliko Kwaresima. Basi ile gharama ambayo mjenzi hakuihesabu huhesabiwa na mtu mwingine, usiku, kwa mvua inayoingia na mbu wanaouma.

Tusieleweke vibaya. Hatukuja katika redio kuwashtaki wenye nyumba. Kanisa limetetea haki ya mtu kumiliki mali tangu zamani, na Baba Mtakatifu Leo wa 13 alilisema hilo waziwazi katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1971, Serikali ya Tanzania ilipotaifisha majengo makubwa ya kupangisha, na wanajua kwamba hata baada ya hapo watu wengi wa mijini waliendelea kupata chumba kwa mwananchi wa kawaida aliyejenga kwa jasho lake. Anayetumia kiinua mgongo chake kujenga vyumba vya kupangisha anafanya kazi njema. Tena hajengi kwa raha. Mkopo wa benki ni mgumu kwake, saruji haishuki bei, na nyumba moja humchukua miaka kumi, tofali kwa tofali. Ndiyo maana kodi ya mwaka inayolipwa mbele imekuwa benki ya mjenzi mdogo. Lakini tukubali pia upande wa pili: mpangaji amegeuzwa kuwa benki, na benki hiyo haipewi riba, haipewi hati, wala haiulizwi kama imeridhika.

Tueleze kisa kimoja. Hatutataja parokia wala mtaa, kwa sababu wahusika wote wako hai, na wote ni watu wa sala.

Mzee mmoja, mtumishi wa umma mstaafu, alijenga pembezoni mwa mji nyumba ya kupangisha, akikusudia kuiinua hadi ghorofa moja. Chini palikuwa na makazi manne, kila moja chumba na sebule. Kuta zilikuwa zimesimama, zege la juu lilikuwa limemwagwa, na ngazi ilipanda kwa nje hadi juu bila ukingo wowote wa kushikia. Wakaletwa wapangaji wanne: mwalimu wa shule ya msingi na familia yake, fundi cherehani, dereva wa bajaji aliyekuwa ameoa karibuni, na mama mjane mwenye watoto watatu, auzaye vitumbua alfajiri. Kila mmoja alitoa shilingi 1,200,000 za mwaka mzima, na juu yake shilingi 100,000 za dalali. Dalali alipokwisha kupokea hizo zake hakuonekana tena. Kazi yake huishia mlangoni, dirisha halimhusu. Mikononi mwa mzee ziliingia shilingi 4,800,000. Ahadi ilikuwa lipu katika kuta za ndani, madirisha yenye vioo na nyavu, karo lililofunikwa kwa zege, bomba la maji uani, na mita ya umeme kwa kila familia.

Baada ya siku chache mafundi walikuja kweli. Walileta saruji na nondo, na wapangaji wakafurahi. Mafundi wakawasalimu, wakawapita, wakapanda ngazi. Fedha iliyotolewa na watu wa chini ilikuwa imepanda juu, kuanza vyumba vya watu wengine watakaokuja.

Ikapita miezi mitano. Mama mjane aliziba madirisha kwa viroba vya mchele. Fundi cherehani alihamisha mashine yake kila upepo ulipogeuka, asije akalowesha vitambaa vya wateja. Karo lilifunikwa kwa kipande cha bati kilichoshikiliwa na mawe. Maji walinunua kwa ndoo. Kila walipokwenda kuuliza, “Mzee, yale madirisha vipi?”, walijibiwa kwa upole, “Vumilieni, wanangu, hiyo nyumba ni yenu.” Nao walivumilia, kwa maana kuhama maana yake ilikuwa kutafuta kodi nyingine ya mwaka, na ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia katika matofali.

Kisha mtoto wa mama mjane, mwenye miaka sita, alipanda ile ngazi kufuata mpira, akaanguka upande usio na ukingo, akavunjika mkono. Mzee alipopelekewa habari alisema kwamba mtoto hulindwa na mama yake. Kauli hiyo iliwachoma wapangaji kuliko hata kuanguka kwenyewe. Usiku ule walikutana uani. Dereva alishauri wahame gizani na wang’oe milango yote iwe fidia yao. Fundi cherehani alitaka wakae humo mwaka wa pili bila kulipa, waone nani atawatoa. Mwalimu akasema iandikwe barua. Mama mjane hakusema neno. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani.

Hapa tuingize jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji watalifahamu vizuri. Mzee huyo alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa, na katika harambee alikuwa ameahidi shilingi 500,000 kwa ajili ya mnara wa kengele.

Wapendwa, tuuite mzigo huu kwa jina lake. Kodi iliyopokelewa kabla ya nyumba kukamilika si mali huru ya aliyeipokea. Ni deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, na Katekismu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya saba inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe kwa uaminifu, na inataja upangaji pamoja na ununuzi na ajira. Amri ya saba, basi, haimngojei mtu avunje kufuli usiku. Mwenye nyumba aliyepokea fedha ya dirisha na kuifanya tofali la ghorofa amechukua kitu cha mwenzake, hata kama anatabasamu, hata kama kila Dominika anakaa kiti cha mbele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotaja mambo ambayo binadamu hawezi kuishi maisha ya kibinadamu bila hayo, uliweka makazi pamoja na chakula na mavazi. Na mwezi Desemba 1987, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wasio na makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima juu ya jambo hili, ikalifanya kuwa suala la dhamiri ya Wakristo, wala si la Serikali peke yake.

Nabii Yeremia alikutana na jambo hilihili. Someni nyumbani sura ya 22 ya kitabu chake. Anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba kwa udhalimu, mwenye kuwafanyisha watu kazi bila ujira. Na angalieni nabii anavyotaja viungo vya nyumba hiyo: anataja vyumba vya juu, anataja madirisha. Tuliposoma maneno hayo pamoja na wahusika wa kisa chetu, hapakuwa na haja ya kuyafafanua. Yehoyakimu aliwanyima mafundi ujira wao. Mwenye nyumba wa leo pengine huwalipa mafundi kikamilifu, lakini huwalipa kwa fedha ya mtu anayelala bila dirisha.

Kuna sheria nyingine ya kale ambayo tungependa kila katekista aijue. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Katika nchi ile dari zilikuwa bapa, na watu walikaa juu, walianika vitu juu, na wengine walilala juu. Torati haimwambii mgeni aangalie asianguke, wala mama amshike mtoto wake. Inamwambia mwenye nyumba aweke ukingo. Machoni pa Mungu nyumba haijakamilika mpaka iwe salama kwa mtu asiye mwenyewe.

Nasi tunajua damu hiyo si hadithi ya kale. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, na waliokufa walizidi 20. Majengo yale yalikuwa makubwa kuliko nyumba ya mzee wetu, na sababu za maanguko ni kazi ya wataalamu na mahakama kuzichambua. Lakini ukingo wa ngazi hauhitaji mtaalamu. Unahitaji bomba chache za chuma, fundi wa kuchomelea, na siku moja.

Tuje kwa somo la pili, maana mara nyingi barua kwa Filemoni hupita masikioni mwetu upesi kwa kuwa ni fupi. Paulo, akiwa mzee na mfungwa, anamrudisha Onesimo kwa bwana wake na kumsihi Filemoni ampokee kama ndugu. Somo la leo linakatika kwenye aya ya 17. Ukiendelea kusoma utakuta Paulo anasema kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu chochote, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo. Tena, karibu na mwisho, anamwomba Filemoni amtayarishie mahali pa kukaa. Mtume anaomba chumba! Na kitabu cha Matendo ya Mitume kinafunga kwa kutuonyesha Paulo huko Roma, akikaa miaka miwili katika nyumba ya kupanga kwa gharama yake mwenyewe, akiwapokea wote waliomjia. Basi mwenye nyumba anayetaka kujua mpangaji ni nani, na atazame hapo. Ni mtu ambaye Mtume Paulo aliishi kama yeye.

Tazameni pia namna Paulo anavyozungumza juu ya deni. Halifichi kwa sababu wahusika ni ndugu katika imani. Analitaja, tena anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalilipa. Sisi tumezoea kinyume chake: tukishakuwa jumuiya moja tunaona aibu kuandikiana. “Baba huyu namfahamu, tunasali wote, nitamdaije karatasi?” Wapendwa wapangaji, dai karatasi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inakubali kwamba upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, unaweza kufanywa hata kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo hupeperuka, na shahidi wa maneno huwa ni dalali, ambaye tumekwisha kuona anakoishia. Kabla ya kutoa fedha, andikeni kitu kimoja kimoja kilichobaki, na tarehe yake, na kitakachotokea tarehe ikipita. Mwenye nyumba mwaminifu hataudhika. Anayeudhika kwa kuandikiwa dirisha amekwisha kuwapa jibu.

Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na baadhi ya watu hudhani kwamba tangu hapo mpangaji hana pa kukimbilia. Sivyo. Mkataba bado ni mkataba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata husuluhisha tu na halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mgogoro huendelea mbele, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liliwekwa kwa ajili hiyo na sheria ya mwaka 2002. Mkristo kwenda huko si dhambi, mradi aende na ukweli mtupu, maana wapo pia wapangaji wanaoutumia ufa wa ukutani kama kisingizio cha kutolipa hata pale nyumba ilipotengenezwa. Dereva wetu angeng’oa ile milango, angegeuka mdaiwa usiku uleule.

Barua ya mwalimu iliandikwa, kurasa mbili, ikasainiwa na wanne wote. Nakala ililetwa kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, naye akatuita. Tulikaa uani, juu ya mikeka, mbele ya ile ngazi. Mzee alianza kwa kusema kwamba wamemdhalilisha. Mama mjane, ambaye tangu siku ya ajali hakuwa amezungumza mbele ya watu, alisema, “Baba, shikamoo. Mimi sikuja kukudhalilisha. Naomba uingie kwangu ulale usiku mmoja, mimi nitalala kwa jirani.” Mzee hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo kitambo kirefu, na alipotoka aliomba kalamu.

Yaliyoandikwa jioni ile ni haya. Ukingo wa ngazi uwekwe ndani ya siku saba. Kazi ya ghorofani isimame mpaka ya chini ikamilike. Gharama ya matibabu ya mtoto ilipwe na mwenye nyumba. Na ile miezi mitano iliyokwisha kupita ihesabiwe nusu, yaani kila familia iongezewe miezi miwili na nusu bila kulipa. Hilo la mwisho lilibishaniwa sana. Mzee alisema, “Lakini mlilala humu.” Mwalimu akamjibu kwamba walilala katika nusu ya nyumba, na nusu ndiyo wanayokubali kuilipia. Sisi tuliona hesabu hiyo ni ya haki, na tukasema hivyo.

Ilibaki ahadi ya mnara wa kengele. Bwana anatuagiza katika Injili ya Matayo kwamba mtu akikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapohapo na kwenda kupatana kwanza. Tulimweleza mzee kwamba kanisa haliwezi kupokea shilingi 500,000 zake wakati madirisha ya wenzake ni viroba, na katika daftari la parokia tuliandika kwamba ahadi hiyo imesimamishwa. Mmoja wa wajumbe wa kamati alinung’unika kwamba kwa namna hii mnara hautakwisha. Huenda. Kanisa limeishi bila kengele mahali pengi, na waamini wamefika kwa wakati.

Hadi tunapoandaa homilia hii, ukingo umewekwa. Uliwekwa siku ya sita. Lipu imekwisha katika makazi matatu, karo limefunikwa, na bomba limefika uani. Mita za umeme bado, na madirisha mawili ya fundi cherehani bado, kwa kuwa mzee ameishiwa tena, na safari hii amewaambia wapangaji wake mapema, kwa kinywa chake mwenyewe, akawaonyesha na daftari lake la matumizi. Wamempa hadi mwisho wa mwezi. Mtoto ametolewa bandeji ngumu na anakwenda shule. Jumamosi ijayo jumuiya itasali katika uwanja ule, na mzee ameomba asome yeye somo la kwanza.